Kutu haitailinda sanamu yenu ya mkonge

"Shikamoo mhandisi. Sisi ni kikundi cha mafundi wa kuchomelea na vijana wa sanaa hapa Tanga. Tumekubaliwa kuweka sanamu ya mche wa mkonge kwenye kipilefti, kama mita 300 kutoka baharini. Urefu wake ni mita 4. Majani ni springi za malori, mlingoti wa ua ni mabomba ya maji ya galvanaizi, shina ni mapipa ya mafuta yaliyokatwa pamoja na gia za mashine ya zamani ya korona (ile ya kusaga majani ya mkonge ili kutoa nyuzi), na maua ni vipande vya shaba na koki za brasi. Vyuma karibu vyote tumeshakusanya. Tunachobishania ni hiki: msanii wetu anasema tuiache ishike kutu, maana kutu ikishakomaa inakilinda chuma kilicho chini yake, na ameona picha za sanamu za Ulaya zimesimama hivyo miaka mingi. Mafundi wanasema tupige redoksaidi, ile rangi nyekundu ya msingi ya kuzuia kutu, na rangi juu yake, yaishe. Nani yuko sahihi? La pili, vijana wakichomelea mabomba ya galvanaizi wanakunywa maziwa kwanza ili moshi usiwadhuru. Inatosha?"

Marahaba, ndugu zangu. Naanza na swali la pili, kwa sababu vijana wanachomelea leo na sanamu bado haijasimama.

Maziwa hayazuii chochote. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda mapafuni. Zinki iliyo juu ya bomba la galvanaizi huchemka kwenye nyuzi joto 907, wakati chuma chenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Kwa hiyo kabla chuma hakijaanza kuyeyuka chini ya fimbo ya kuchomelea, zinki imeshageuka moshi mweupe na inampanda fundi usoni. Saa chache baadaye, mara nyingi akiwa ameshafika nyumbani, anasikia ladha ya chuma mdomoni, anatetemeka kwa baridi, viungo vinamuuma, homa inapanda. Ndani ya siku moja au mbili inaondoka. Hapa pwani mtu wa namna hiyo anameza dawa ya malaria bila kupima, anapona kwa kuwa angepona hata asingemeza, kisha anarudi kwenye moshi uleule.

Ondoeni zinki kwa grenda, walau sentimita 5 kila upande wa mahali patakapochomelewa, hadi muone chuma cheupe. Chomeleeni nje, upepo ukitokea ubavuni, na mvae barakoa yenye chujio la moshi wa kuchomelea. Kitambaa na barakoa za hospitali havichuji moshi huo. Boliti za zamani zenye mng'ao wa dhahabu msizozijua asili yake msizipashe moto kabisa, kwa kuwa baadhi zimepakwa kadimiamu, na moshi wake unaweza kuharibu mapafu vibaya bila dalili kubwa siku ya kwanza. Anayebanwa kifua, anayeishiwa pumzi, au ambaye homa yake imepita siku mbili aende hospitali, na amwambie daktari wazi kwamba alikuwa anachomelea na ni chuma gani. Daktari asipoambiwa hawezi kukisia.

Mapipa nayo yana hatari yake. Pipa tupu la mafuta ni baya kuliko lililojaa, kwa sababu ndani limebaki mvuke uliochanganyika na hewa, na cheche moja ya grenda inatosha kulilipua. Yale mliyokwisha kukata mmesalimika. Yaliyobaki msiyaguse. Sababu nyingine ya kuyaacha nitaieleza, maana inahusu swali lenu la kwanza.

Msanii wenu hajatunga. Iko aina ya chuma inayofanya hivyo hasa anavyosema. Inaitwa Corten, na imechanganywa makusudi na shaba, kromiamu na vitu vingine kidogo kidogo. Ikinyeshewa na kukauka, ikinyeshewa na kukauka, inajenga gamba jembamba la kutu lililoshikamana sana, na gamba hilo linapunguza mwendo wa kuliwa kwa chuma. Sanamu kubwa ya malaika iliyosimamishwa Gateshead, Uingereza, mwaka 1998 imetengenezwa kwa chuma cha jamii hiyo. Ina urefu wa mita 20, mabawa ya mita 54 na uzito wa tani 200, nayo imesimama bila rangi.

Lakini springi, mapipa na mabomba yenu si Corten. Kutu ya chuma cha kawaida ni ya unga na magamba. Haikishiki chuma, inakiachia. Na hata mngekuwa na Corten halisi, mita 300 kutoka baharini nisingewaruhusu. Honolulu walijenga uwanja wa Aloha, ukafunguliwa mwaka 1975, kwa chuma cha aina hiyohiyo na kwa matumaini hayahaya kwamba kutu itakomaa na kutulia. Hewa ya chumvi haikuiacha itulie, na matengenezo yake yakala mamilioni ya dola. Mwongozo unaotumiwa na wahandisi wengi ni kutoiweka Corten ndani ya kilomita kama 2 kutoka ufukweni. Tena picha nyingi za sanamu za vyuma chakavu zinapigwa ndani ya majumba. Mti wa Uzima uliotengenezwa Maputo kwa bunduki zilizosalimishwa baada ya vita vya Msumbiji, kazi ya mwaka 2004 ninayoipenda sana, unatunzwa na Makumbusho ya Uingereza mjini London. Ndani ya jumba hakuna kusi.

Chumvi inafanya nini hasa? Wengi hudhani kinachokula chuma ni mvua. Mvua mara nyingine inasaidia, kwa sababu inaosha. Chumvi ya bahari inayoletwa na upepo ikitua juu ya chuma inavuta unyevu kutoka hewani, hata usiku usio na tone la mvua, na chuma kinabaki kimelowa saa nyingi bila mtu kuona maji. Ndani ya unyevu huo kloridi, yaani sehemu ya chumvi inayopenda kupenya, inashuka chini ya kutu hadi kwenye chuma kizima, inafungua njia, na haiishi kwa kazi hiyo; inarudia. Kutu inayozaliwa inachukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo ikizaliwa katikati ya vipande viwili vilivyobanana inavisukuma mpaka inavunja kiungo. Geti lolote la zamani la nyumba ya Raskazone litawaonyesha. Bati la katikati huwa lingali zima wakati kona zote zimeshafumuka.

Shirika la viwango la kimataifa, ISO, limegawa hewa katika madaraja ya ukali. Ufukwe wenye chumvi nyingi uko daraja la C5, ambapo chuma cha kawaida kisichopakwa kitu hupoteza kati ya mikroni 80 na 200 kwa kila uso katika mwaka wa kwanza. Mkibahatika mtakuwa C4, mikroni 50 hadi 80. Sasa pimeni bati la pipa: lina unene wa milimita 1, yaani mikroni 1,000, nalo linaliwa pande zote mbili. Hata kama mwendo utapungua baadaye, ndani ya miaka michache mtoto ataingiza kidole. Springi ya lori yenye milimita 10 au zaidi ina habari nyingine kabisa. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya kuyaacha mapipa. Tafuteni bomba nene au bati la milimita 6 kwa ajili ya shina.

Mafundi nao wasifurahi mapema. Redoksaidi iliyopigwa juu ya kutu iliyosuguliwa kwa brashi ya waya ni rangi iliyolala juu ya chumvi. Itapendeza siku ya uzinduzi, na msimu wa pili itaanza kutoa malengelenge. Vanishi ya kung'aa juu ya kutu, ambayo najua mtu ataipendekeza ili kuwapatanisha, ni mbaya zaidi: jua linaichubua na kutu inaendelea kwa siri chini yake.

Kwa hiyo pande zote mbili zinabishania ngozi. Mimi kinachonitia wasiwasi ni umbo. Mkaangalie mche halisi wa mkonge baada ya mvua, mtazame pale majani yanapotoka shinani. Kila jani lina mfereji juu, linapokea maji na kuyatelemsha hadi shinani, na kwenye kikonyo maji yanakaa. Mkonge unaishi kwa hila hiyo. Mkiiga umbo hilo kwa uaminifu mtakuwa mmejenga vikombe kadhaa vya maji ya chumvi, vyote vikiwa juu ya viungo vinavyobeba uzito. Hapo hakuna rangi itakayowaokoa.

Basi kila jani lisimame kwenye kikono chake kifupi, sentimita 3 au 4 mbali na shina, ili maji yapite na brashi ya rangi iingie. Shina liwe na matundu ya milimita 20 chini, au lizibwe kabisa kwa kuchomelea mshono usiokatika. Nusu wazi nusu imefungwa ndiyo hali mbaya kuliko zote. Msichomelee kwa vituo vituo mkaacha mianya kati ya kituo na kituo. Na springi zikija kwenu zimepangwa tabaka kama zilivyotoka kwenye lori, zitenganisheni.

Springi zenyewe mziheshimu. Ni chuma chenye kaboni nyingi, kinachopenda kukakamaa kikipashwa moto na kupoa haraka. Fundi akiichomelea kama anavyochomelea engo ya dirisha, pembeni mwa mshono panabaki ukanda mgumu na mwepesi kukatika. Unaweza kukaa mwaka mzima halafu ukavunjika mtoto akiwa amening'inia. Kama lazima kuchomelea, pasheni moto kwanza hadi nyuzi 200 au 300, tumieni fimbo za kuchomelea zenye namba 7018 zilizokaushwa, na pafukieni kwenye majivu makavu papoe polepole.

Njia ninayoipendelea ni kutochomelea kabisa. Springi nyingi za malori zina tundu katikati, pale boliti ya kati ilipopita. Mkiikata pembeni kidogo ya tundu hilo mnapata jani lenye tundu mwishoni, tayari kwa boliti nene kwenye kikono cha chuma cha kawaida. Springi mama ina macho kwenye ncha, nayo yanafaa. Boliti moja inaruhusu jani kuzunguka, kwa hiyo wekeni na kishikio cha kulizuia. Jani likiharibika baada ya miaka mtalifungua na kulibadilisha bila kuchoma sanamu nzima. Wezi nao watalifungua vilevile, kwa hiyo nati ipigwe nyundo kwenye nyuzi zake hadi isirudi.

Gia na mwili wa korona vinaweza kuwa chuma cha kusubu. Gusisheni grenda mahali pasipoonekana: cheche za chuma cha kusubu ni fupi na nyekundu, za chuma cha kawaida ni ndefu na za manjano, za springi zinapasuka nyota nyingi. Cha kusubu kifungeni kwa boliti. Kukichomelea kunahitaji fimbo za nikeli na mkono uliozoea.

Maua ya shaba na brasi juu ya mlingoti wa galvanaizi hapana. Najua nawaumiza, maana picha yake kichwani inavutia. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi zinafanya kazi kama betri, na ile iliyo dhaifu inaliwa kwa ajili ya mwenzake. Sanamu ya Uhuru ya New York ilizinduliwa mwaka 1886 ikiwa na ngozi ya shaba iliyoshikwa na fito za chuma. Wajenzi walijua hatari hiyo wakaweka kizuizi kati yake, kizuizi kikaoza, chuma kikaliwa na kuvimba, na katika matengenezo yaliyokamilika mwaka 1986 fito zile zilibadilishwa kwa stenlesi. Kwenu ni vibaya zaidi kwa sababu shaba iko juu: hata isipogusa, maji ya mvua yanayoitelemkia yanabeba chembe zake na kuishambulia zinki njia nzima ya mlingoti. Isitoshe, shaba ndiyo ya kwanza kuibwa. Tumieni alumini ya sufuria kuukuu, na washa za nailoni chini ya boliti. Alumini na zinki hazigombani sana. Zile pembe za Mombasa juu ya Barabara ya Moi ni za alumini, na bahari haiko mbali nazo.

Sasa ngozi. Ningekuwa na pesa zenu na kipilefti chenu, ningefanya hivi. Vyuma vyote vioshwe kwa maji baridi ya bomba, yasiyo na chumvi, na sabuni, hasa vilivyotoka bandarini au kwenye maboti, kwa kuwa chumvi imejificha kwenye vishimo vya kutu. Kisha vipigwe kwa changarawe za chuma au ganeti (chembe za jiwe gumu) kwenye karakana yenye kompresa hadi viwe vya kijivu. Msitumie mchanga: vumbi lake linaua mapafu polepole, na wa ufukweni unaongeza chumvi mliyotoka kuiosha. Siku hiyohiyo, kabla ya umande wa jioni, upigwe msingi wa epoksi (rangi ngumu ya kuchanganywa sehemu mbili) yenye zinki nyingi, kisha epoksi ya kati, kisha poliyurethani juu inayostahimili jua. Jumla isipungue mikroni 280 zikikauka, na kila ukingo mkali ulainishwe kwanza na upakwe mara moja zaidi kwa brashi, maana rangi huwa nyembamba pembeni. Rangi ya juu inaweza kuwa kahawia ya kutu. Kwa umbali wa barabara, msanii wenu atapata sura anayoipenda.

Kuchovya kwenye zinki iliyoyeyuka ni bora zaidi kwa vikono na shina. Tabaka lake huwa mikroni 85 hivi, na hewa ya C5 inakula kati ya 4 na 8 kwa mwaka, kwa hiyo ni miaka 10 hadi 20 kabla ya kuhesabu rangi. Lakini bomba lililozibwa pande zote linaweza kulipuka ndani ya zinki, na springi zisipelekwe, kwa sababu tindikali ya kusafishia inaweza kuzifanya zipasuke. Bei ya haya yote ni kubwa kuliko redoksaidi, sitawadanganya. Kama haipatikani, ushauri wangu ni kupunguza sanamu iwe mita 3 na kufanya vizuri, badala ya mita 4 zitakazowaaibisha. Au, kama moyo wa msanii uko kwenye kutu halisi, iombeeni nafasi mbali na bahari, mtumie vipande vinene tu, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba itapungua mwaka hadi mwaka.

Asili ya vyuma naigusa kwa kifupi. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, mwaka uleule mkonge ulipoingizwa nchini na Richard Hindorf, kwa hiyo naelewa mtu akija kuwauzia kipande cha reli au taruma la chuma. Msinunue. Hiyo ni mali ya shirika la reli, na alama za barabarani ni mali ya umma vilevile. Januari 2022 Kenya ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, na mafundi waaminifu walifungiwa pamoja na wezi. Wekeni daftari la kila kipande: kimetoka wapi, nani kauza, risiti iko wapi.

Na hapa ndipo barua haiwezi kuchukua nafasi ya mtu. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, sawa na kilomita 108 kwa saa, unasukuma kwa takriban kilo 55 kila mita ya mraba ya uso, kabla ya kuzidisha kwa ajili ya umbo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika hadi Mafia, kwa hiyo mtu asiwaambie pwani yetu haina upepo. Mtafuteni mhandisi aliyesajiliwa aje auone udongo, apige hesabu ya zege na boliti za msingi, na atie sahihi. Mwambieni pia watu watapanda, kwa sababu watapanda. Miiba ya ncha iliyo chini ya mita 2 na nusu ikatwe mviringo. Ulizeni kama barabara hiyo iko chini ya TANROADS (barabara kuu na za mikoa) au TARURA (barabara za mijini na vijijini), na mpate kibali cha maandishi, kwani sanamu isiyomruhusu dereva kuona upande wa pili wa kipilefti itaondolewa hata ikiwa nzuri. Katika kibali hicho iandikwe nani ataiosha kwa maji baridi mara kwa mara msimu wa kiangazi, na nani atalipa rangi ya kurekebisha.

Kabla ya kununua rangi yote, tengenezeni jani moja kamili: springi, kikono, boliti, ua moja la alumini. Nusu lipakeni kwa mpango wangu na nusu kwa redoksaidi ya mafundi, kisha kila nusu ichorwe alama ya X kwa kisu hadi chuma kionekane. Lifungeni kwenye nguzo palepale kwenye kipilefti, likitazama upepo wa kusi, miezi yote ya msimu huo. Kusi ikitulia, mpime kwa rula kutu imetambaa milimita ngapi chini ya rangi kutoka kwenye ile X, mnitumie vipimo vya pande zote mbili pamoja na picha ya kiungo cha boliti kilichofunguliwa.